Fimbo ya kuvulia inayoelemea mbele: mpini ujengwe upya vipi?

Msomaji ameandika hivi: "Nina fimbo ya kurushia chambo bandia, ya nyuzi za kaboni, urefu wa mita 2.1, vipande viwili, yenye mpini wa koki, ile ya vizibo vya chupa. Kila nikivua zaidi ya saa moja kifundo cha mkono huanza kuuma, na nikilegeza vidole kidogo tu ncha hushuka yenyewe. Rafiki mmoja ananishauri nitafute rili nzito zaidi ili fimbo isawazike. Mwingine anasema nitie uzito wa risasi kitakoni, mwisho wa mpini. Koki nayo imeanza kumeguka. Je, naweza kuujenga mpini upya nyumbani bila mashine ya kukereza, na nianzie wapi?"

Ndugu msomaji, kazi hii inafanyika nyumbani, na zana kuu utakazohitaji ni kisu kikali, msasa, tupa ya mviringo, gundi ya epoksi na uvumilivu wa siku kadhaa. Hata hivyo usianze kwa kukata kitu. Wengi wanaolalamika kwamba fimbo waliyoitengeneza upya imekuwa mbaya kuliko ilivyokuwa walikosea kabla ya kushika kisu, kwa sababu hawakujua ni kitu gani hasa kilichokuwa kinawaumiza.

Ushauri wa rili nzito ndio unaosikika sana, na kwa fimbo ya aina yako ndio wenye faida ndogo kuliko yote. Rili yako, yaani kifaa kinachokunja mshipi, hukaa chini ya fimbo, shingo yake ikipita katikati ya vidole, kwa hiyo uzito wake unaning'inia karibu moja kwa moja chini ya kiganja. Mzigo ulio chini ya kiganja haupandishi ncha wala hauishushi. Unauchosha mkono tu kwa kuubeba. Ni kweli kwamba ukiweka rili nzito, nukta ya mizani ya fimbo nzima husogea nyuma kuelekea mkononi, na anayeipima kwa kuilaza juu ya kidole huona kana kwamba amefanikiwa. Lakini nguvu inayokizungusha kifundo cha mkono ni ile ile, sasa ikiwa na gramu za ziada juu yake.

Kinachokuumiza ni zao la vitu viwili, yaani uzito wa fimbo yenyewe na umbali kati ya mkono wako na nukta ya mizani ya fimbo hiyo bila rili. Unganisha vipande viwili, ondoa rili, ulaze mwili wa fimbo juu ya ukingo wa rula uliosimamishwa, usogeze mpaka itulie, kisha utie alama ya penseli. Tuseme kwa mfano fimbo ina gramu 130, nukta hiyo iko sentimita 75 kutoka kitakoni, na mkono wako hukaa sentimita 32 kutoka kitakoni. Umbali ni sentimita 43, na zao lake (130 × 43) ni 5,590. Huo ndio mzigo ambao kifundo chako kinauzuia usianguke kwa saa nzima fimbo inapokuwa imelala sambamba na maji. Ukiisimamisha mzigo hupungua, na ndiyo maana mtu anayevua huku ameinua ncha huchoka polepole kuliko yule anayeishusha ili avute chambo chini ya maji.

Sasa tujaribu dawa mojamoja kwa hesabu hiyo hiyo. Ukitia gramu 40 za risasi mwisho kabisa wa kitako, zikiwa sentimita 31 nyuma ya mkono, zitaondoa 1,240, yaani kama asilimia 22. Ukitaka kuondoa mzigo wote kwa njia hiyo utahitaji gramu 180, uzito unaoizidi fimbo yenyewe, na hapo utakuwa umebadilisha maumivu ya kifundo kwa maumivu ya bega. Ukisogeza kikalio cha rili, yaani sehemu ya mpini ambapo mguu wa rili hufungwa, mbele kwa sentimita 5 bila kuongeza uzito wowote wa maana, umbali unakuwa sentimita 38 na mzigo unashuka hadi 4,940. Zile gramu 40 ukizitia baada ya kusogeza kikalio, mkia, yaani sehemu ya mpini iliyo nyuma ya mkono, umekuwa mrefu zaidi na zinafanya kazi vizuri zaidi: zinaondoa 1,440, na unabaki na 3,500. Umepunguza zaidi ya theluthi moja ya mzigo, na fimbo haijawa gogo.

Kuna dawa ya tatu ambayo watu huisahau kwa sababu haiko kwenye mpini: kupunguza uzito wa karibu na ncha. Gramu 2 zilizo sentimita 150 mbele ya mkono huchangia 300, sawa na karibu gramu 10 za kitakoni. Zaidi ya hayo, unapoipunga fimbo kurusha chambo, ugumu wa kuizungusha hukua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo gramu ya karibu na ncha huulemea mkono mara mbili: mara moja unapoishikilia, na mara ya pili, tena kwa ukali zaidi, unapoipunga. Sikushauri uvibandue vipete vinavyopitisha mshipi vilivyo vizima kwa sababu hii peke yake. Lakini siku vikichakaa, weka vidogo na vyepesi kuanzia katikati hadi nchani, na usivimwagie gundi nzito kama nta ya mshumaa.

Kabla ya kukata chochote, jaribu mpini ambao bado haupo. Ifunge rili juu ya mshiko wa mbele, nje ya kikalio chake, kwa utepe wa umeme, sentimita 3 hadi 5 mbele ya mahali pake pa kawaida, kisha nenda ukavue nayo hivyo. Haipendezi machoni, lakini saa mbili za kuvua hivyo zitakufundisha zaidi ya ushauri wa marafiki wote wawili. Siku nyingine bandika sarafu kitakoni kwa utepe, uongeze mojamoja mpaka mkono uridhike, kisha uzipime pamoja. Angalia pia mambo mawili yanayoweza kuharibika. La kwanza ni mshipi: rili ikisogea mbele inakikaribia kipete cha kwanza, na mizunguko mikubwa inayotoka kwenye bobini inaweza kukipiga na kupunguza umbali wa kurusha. Ukiona hivyo, kipete hicho nacho kitahitaji kusogezwa mbele. La pili ni mkia wenyewe. Mpini wa nyuma wa fimbo ya mkono mmoja unapaswa kulala chini ya mkono na kuishia kabla ya kiwiko. Ukikipita kiwiko utakwama kwenye nguo kila unapogeuka. Ikiwa mkia wako tayari unafika kiwikoni, hizo sentimita 5 huna pa kuziweka, na itabidi uridhike na sentimita 2 pamoja na uzito kidogo.

Kuhusu starehe ya mkono, nina jambo moja la kusisitiza ambalo wauza koki hawalitaji. Anayevua kwa rili ya aina yako haishiki koki kwa sehemu kubwa ya siku, anashika kikalio. Ukiangalia kiganja chako baada ya kuvua utaona alama ya hesi za kikalio au ya ukingo wa ile kofia inayoubana mguu wa rili, na mara nyingi hapo ndipo maumivu yanapoanzia, kwa sababu mtu anayechomwa hukaza vidole bila kujijua, na vidole vilivyokazwa huvuta mishipa mpaka kwenye kifundo. Weka rili, shika kama kawaida, uone hesi zilizo wazi ziko chini ya kidole kipi. Mara nyingi kukigeuza kikalio mbele nyuma kunatosha kuziondoa kidoleni, na kama sivyo, tafuta chenye kofia iliyozama ndani ya mshiko.

Unene nao una maana. Mpini mwembamba mno humlazimisha mtu kuubana. Mnene mno humnyima nguvu ya kuuzungusha. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: ukiukunja mkono kuuzunguka mpini bila kuukaza, ncha ya kidole cha kati ikaribie shina la kidole gumba lakini isilichome. Zungusha utepe wa kitambaa tabaka kwa tabaka juu ya mpini wa sasa mpaka upate unene huo, pima kwa kalipa, na uandike namba. Mipini mingi ya dukani ina milimita 24 hadi 28, na wenye mikono mikubwa huona nafuu wakiongeza milimita 3 tu. Usiufanye mnene kwa urefu wote. Uvimbe mdogo unaojaza shimo la kiganja, ukipungua kuelekea pande zote mbili, hushikika vizuri kuliko bomba lililonyooka.

Sasa tufike kwenye kuubomoa wa zamani, na hapa naomba uende polepole. Chini ya koki kuna ufito wa nyuzi za kaboni wenye ukuta mwembamba, na mkwaruzo wa kisu unaokatiza nyuzi hizo ni mwanzo wa kuvunjika. Fimbo ya kwanza niliyoibomoa mimi niliikata koki kwa nguvu, kwa kuzunguka, kama mtu anayekata muwa. Mpini mpya ulitoka mzuri ajabu, na ufito ukavunjika ndani yake kwa samaki wa tatu, palepale kisu kilipopita. Kata kwa urefu, kufuata ufito na si kuukatiza, na uache milimita 2 za koki bila kuguswa. Vipande vikubwa vitabanduka kwa vidole, na utando unaobaki uuondoe kwa msasa uliolowanishwa maji. Maji yanalainisha kazi na, la muhimu zaidi, yanazuia vumbi la kaboni lisipae. Hata hivyo vaa barakoa. Kikalio cha zamani kichonge mfereji mmoja kwa tupa, kwa urefu, mpaka uone gundi, kisha kitanue. Joto la kikausha nywele hulainisha gundi nyingi za epoksi, lakini usitumie moto wa wazi wala usikipashe kitu mpaka usiweze kukigusa, kwa maana ufito wenyewe umeshikanishwa na resini ya jamii hiyo hiyo.

Kuna swali ambalo huamua kazi nzima: mpini mpya utaingilia upande gani? Ufito ni mnene kitakoni na mwembamba kuelekea mbele. Mshiko uliochongwa vizuri huingizwa kutoka mbele, ukateremka mpaka ukakaza pale unapotakiwa. Ukiuingiza kutoka kitakoni, tundu lake lazima lipite pale penye unene mkubwa kuliko pote, na ukifika mbele litapwaya. Kwa bahati nzuri fimbo yako ina vipande viwili, na kipande cha chini kwa kawaida hubeba kipete kimoja au viwili tu. Viondoe: kata uzi juu ya mguu wa chuma wa kipete, kamwe si juu ya ufito, upashe joto kidogo, ubandue. Kwa kuwa kipete cha kwanza huenda kingehamishwa hata hivyo, hujapoteza kitu.

Kuhusu malighafi, koki ni gome la aina ya mwaloni, lile lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Nchini Ureno sheria hairuhusu mti huo uambuliwe tena kabla ya miaka 9 kupita, na ndiyo sababu koki safi isiyo na mashimo ni ghali. Ukiletewa pete za koki, zile zinazounganishwa kuwa mpini, nyeupe laini kwa bei ya kutupa, zikague: mashimo yaliyojazwa kwa unga na gundi hufichwa vizuri sana, na hutoka yote msimu wa kwanza. Kwenye ncha mbili za mshiko, panapogongwa, weka pete ya koki iliyosagwa ikachanganywa na mpira. Ni nzito kidogo lakini haimeguki. Sponji ngumu ya EVA ni rahisi kuifanyia kazi, haina mashimo, na haikuhitaji uwe fundi. Mimi naona huteleza zaidi mkono ukiwa na utelezi wa samaki, ingawa wapo wanaovua kwa EVA miaka yote wala hawalalamiki. Ile mitindo ya kuukata mpini wa nyuma vipande viwili na kuacha ufito wazi katikati inapendeza macho na inapunguza gramu chache, lakini kumbuka kwamba gramu hizo zimeondolewa nyuma ya mkono, upande ambao wewe unauhitaji uwe mzito. Kwa fimbo yako ningeacha mpini mzima.

Pete za koki kwa kawaida huwa na unene wa kama milimita 13 na kipenyo cha milimita 32. Zipange kavu kwanza, nzuri kuliko zote ukiziweka pale kiganja kinapokaa. Kisha zitie gundi mojamoja kwenye boliti ndefu yenye hesi iliyopakwa nta ili isishikwe, uzibane kwa nati mbili na washa pana. Gundi iwe nyembamba kama ya kubandika karatasi. Hili si suala la kubania gundi: gundi ikikauka huwa ngumu kuliko koki, na unapopiga msasa koki huliwa haraka huku mstari wa gundi ukibaki umeinuka kama mshono wa nguo. Hutauona kwa macho, lakini kidole gumba kitaugusa kila unapovua.

Baada ya siku moja, boliti hiyo hiyo ifungwe kwenye drili, upande wa pili ukiegemea tundu la ubao, nawe umepata kikerezo. Anza na msasa namba 80 kwa umbo, upite 120 na 220, umalizie na 320. Uzungushe taratibu, na usimame kila mara kupima kwa kalipa, maana koki hairudi ikishaliwa. Asiye na drili atafanya kwa mkono: ukanda wa msasa ukivutwa huku na huku juu ya mshiko kama mtu anayeng'arisha kiatu, huku akiuzungusha robo kwa robo. Huchukua jioni mbili na matokeo huwa mazuri vilevile.

Tundu la ndani ndilo linalotenganisha kazi nzuri na ya ovyo. Tupa ya mviringo hutosha mwanzoni, lakini hutoboa kwa mawimbi. Afadhali utafute kipande cha fimbo iliyovunjika chenye wembamba unaofanana na ufito wako, ukizungushie ukanda wa msasa ulionatwa kwa gundi, nawe utakuwa na kichongeo chenye mteremko ule ule. Chonga kidogo, jaribu, chonga tena, mpaka mshiko usimame wenyewe kama sentimita 2 kabla ya mahali pake. Sehemu iliyobaki itateremka kwa kuusukuma huku gundi ikiwa mbichi.

Kikalio ni suala jingine, kwa sababu tundu lake daima ni pana kuliko ufito. Mafundi wengi hulijaza kwa utepe wa karatasi, nami sina ugomvi nao, mradi utepe usiwe bomba moja refu. Zungusha mafungu matatu yenye upana wa sentimita 1 hivi, ukiacha nafasi ya milimita 6 kati yao, na gundi ijaze nafasi hizo mpaka ishike ufito na kikalio moja kwa moja. Kingo za mwisho za utepe zizikwe kabisa ndani ya gundi, la sivyo maji yataingia, utepe utaoza, na siku moja rili itazunguka mkononi samaki akiwa amenasa. Tumia epoksi ya kukauka polepole. Ile ya dakika 5 haikupi muda wa kusahihisha, na hapa lazima utasahihisha: kikalio kikishaingia, unganisha fimbo, funga rili, uchungulie kutoka kitakoni kama mtu anayelenga shabaha, na ukizungushe kidogokidogo mpaka mguu wa rili na vipete vyote viwe kwenye mstari mmoja. Rudia baada ya robo saa, kwa maana kikalio kina tabia ya kujizungusha fundi akienda kunawa mikono. Gundi iliyomwagika ifute kwa kitambaa chenye spiriti kabla haijakaza.

Uzito wa kitakoni uwe wa mwisho kabisa, na uwe wa kuondoleka. Kwenye kifuniko cha kitako weka boliti fupi inayobeba washa za shaba au chuma, zikaze zisilie, uanze na nusu ya uzito ulioupata kwa sarafu, kwa sababu mpini mpya tayari umeibadilisha hesabu. Mizani kamili si lengo. Fimbo inayoelemea mbele kidogo humpa mvuvi habari ya chambo kilipo, na yenye mkia mzito hupanda juu chambo kinapovutwa.

Koki usiipake vanishi ya kung'aa, kwani itateleza ikilowana. Iache wazi, na ikichafuka ioshe kwa sabuni na sponji laini. Mashimo madogo yanayojitokeza yazibe kwa unga wa koki uliobaki kwenye msasa, ukichanganya na gundi ya mbao isiyoyeyuka majini, na upige msasa namba 320 baada ya kukauka.

Iache fimbo saa 24 kabla ya kuifunga rili kwa nguvu, na ikiwa ni majira ya baridi iache saa 48. Siku ya kwanza ya kuvua chukua utepe na washa za akiba mfukoni. Na kama baada ya wiki kadhaa mzigo umepungua lakini vidole bado vinakufa ganzi hata usiku unapolala, basi tatizo limeshatoka kwenye mpini na kuingia mkononi, na huyo wa kumwona ni daktari.